Bomba la Gesi Lililokwaruzwa Halifunikwi na Plasta

“Fundi, tumepaka sabuni, halijatoa povu, tulifunike tu.” Nimechoka na maneno haya. Juzi nimeyasikia tena Ilazo, hapa Dodoma, kwenye jiko linalobadilishwa marumaru. Grenda ilipita juu ya bomba la shaba ikaacha mfereji unaong'aa, mrefu kama kidole. Halijatoboka, kwa hiyo mama mwenye nyumba akahesabu ni zima. Bomba la milimita 15 mara nyingi lina unene wa milimita 0.7 tu. Diski imekula kiasi gani? Hakuna anayeweza kukwambia kwa kutazama.

Ukikuta hivyo, funga valvu ya mtungi kule nje, zima moto, usiguse swichi, fungua milango. Nasema milango, si madirisha ya juu tu. Gesi ya mitungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Inayopanda juu ni gesi asilia, ile ya Songosongo.

Sasa hiyo sabuni. Wengi wanaipaka baada ya kufunga mtungi! Povu litatoka wapi? Hata mtungi ukiwa wazi, baada ya regulata presha ni kama milibari 30, na tundu dogo linatoa kipovu kimoja kimoja, taratibu sana. Anayetazama mara moja na kuondoka hakioni. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sabuni inapima pale unapoona tu. Grenda au patasi ikilivuta bomba, mara nyingi kinacholegea ni kiungo kilichojificha ndani ya plasta, mbali na pale lilipoguswa. Wala usitegemee pua peke yake, maana plasta na zege vinaweza kunyonya ile harufu iliyowekwa kwenye gesi.

Epoksi, silikoni na tepu sivitumii, hata kwa kushikiza. Natoa mtungi, napuliza gesi yote itoke kwenye bomba, nakata kipande kilichoumia hadi kwenye shaba safi pande zote mbili, naweka kipya na kuchomelea kwa silva, yaani fimbo yenye madini ya fedha. Risasi laini ya kulehemu inayeyuka kwa joto dogo mno, na viungo vya nati havizikwi ukutani.

Kisha naweka geji na kujaza hewa au naitrojeni, kamwe si oksijeni, halafu nasubiri. Hapa jua la Dodoma linadanganya. Ukuta ukipata joto la nyuzi 10 zaidi, presha halisi ndani ya bomba inapanda kwa takribani asilimia 3, na mvujo mdogo unafichika humo. Ndiyo maana napima alfajiri, ukuta ukiwa bado umepoa.

Kuhusu bomba lililobonyea bila kukwaruzwa, mafundi hatukubaliani. Likibonyea kwenye kona nakata bila mjadala. Kwenye sehemu iliyonyooka yapo niliyoyaacha baada ya geji kutulia, na roho yangu haijatulia nayo.

Geji ikishika, usikimbilie plasta. Tandaza futi kamba ukutani, piga picha bomba lote kuanzia sakafuni hadi kwenye jiko, umtumie fundi marumaru kabla hajawasha grenda.