Je, wajua kwa nini chungu kikubwa huweza kuua mmea wa ndani?

Mmea wa ndani unapodumaa au majani yake yanapoanza kuwa manjano, wengi wetu hukimbilia kuuhamishia kwenye chungu kikubwa, tukiamini kwamba nafasi zaidi itauletea nafuu. Mara nyingi hali huzidi kuwa mbaya: wiki chache baadaye shina hulegea, na ukichimbua unakuta mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya uvundo.

Chanzo chake ni maji. Mizizi hufyonza maji ya udongo inaoufikia tu, kwa hiyo udongo wa pembeni usio na mzizi hata mmoja hukaa na unyevu siku nyingi, vijinafasi vya hewa vilivyomo hujaa maji, na mizizi, ambayo nayo hupumua, hukosa oksijeni na kuoza. Kokoto zinazowekwa chini ya chungu hazisaidii, ingawa wengi huzisifu, kwa kuwa maji hayatoki upesi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hutuama juu yake, karibu zaidi na mizizi.

Kwa hiyo chunguza kwanza. Shika shina katikati ya vidole, inamisha chungu, kisha utoe mmea taratibu. Ukiona udongo mwingi na mizizi michache, urudishe palepale. Lakini mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba iliyoviringwa hata udongo hauonekani, na maji unayomwagilia hupita moja kwa moja hadi kwenye matundu ya chini, basi wakati umefika. Hata hapo, kipenyo cha chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 2 hadi 5 tu, na mizizi iliyojizungusha ilegezwe kwa vidole ili ielekee nje. Ni vyema kazi hii ifanyike mmea unapoanza kuchipua, kwani ndipo mizizi iliyokatika hupata nguvu ya kuota upya.

Ipo pia mimea isiyopenda kusumbuliwa: klivia, kwa mfano, huchanua vizuri zaidi mizizi yake ikiwa imebanana. Kwa mmea uliokwisha kuwa mkubwa, inatosha kukwangua sentimita chache za udongo wa juu na kuweka mboji mpya.

Mmea uliohamishwa huweza kunyong'onyea kwa siku kadhaa. Usiuharakishie mbolea, uweke mbali na jua kali, na usiumwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke.