"Salama kwa mwili": maana yake kwenye vifaa vya faragha vya wanawake

Maneno "salama kwa mwili" utayakuta kwenye boksi la vaibreta (kifaa cha starehe kinachotetema), kwenye dildo (kifaa chenye umbo la uume), hata kwenye chupa ya kilainishi. Yanatuliza roho. Shida ni kwamba katika nchi nyingi hakuna anayeyalinda: kiwanda chochote kinaweza kuyachapa, na mnunuzi hana wa kumuuliza. Kwa hiyo ni bora ajue mwenyewe yana maana gani.

Kifaa ni salama kwa mwili kikiwa kimetengenezwa kwa kitu kisichovujisha kemikali na kisichonyonya uchafu, na umbo lake likiwa haliwezi kukwaruza wala kukwama. Maelezo mengi huishia hapo. Mimi naongeza jambo ambalo haliwezi kuandikwa kwenye boksi: namna kinavyotumika. Kifaa cha silikoni safi kabisa kinaweza kumuumiza mtu aliye mkavu na mwenye haraka.

Tuanze na malighafi, maana hapo ndipo watu hudanganywa zaidi. Silikoni halisi, kioo kigumu cha borosiliketi, chuma cha pua na plastiki ngumu aina ya ABS havina vitundu. Ute, jasho na bakteria hubaki juu, na ukisafisha vinaondoka. Upande wa pili kuna vifaa laini vya PVC, vile vinavyong'aa kama jeli, na vile vya mpira wa TPE. Hivi vina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Unaosha, kinaonekana safi, lakini kilichoingia ndani hakikutoka. TPE si sumu kwa sababu tu ina vitundu; ila haiwezi kusafishwa mpaka ndani, kwa hiyo ivalishwe kondomu kila mara na isiwekwe miaka.

PVC ina tatizo la ziada. Kwa asili ni plastiki ngumu, na ili ilainike mara nyingi huchanganywa na kemikali ziitwazo ftaleti. Hizo hazishikamani na plastiki moja kwa moja. Hutoka kidogo kidogo, na ndiyo sababu kifaa cha namna hiyo baada ya muda huanza kunata mkononi; kikiwa kipya, mara nyingi hunuka kama pazia jipya la bafuni. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku baadhi ya ftaleti katika midoli ya watoto zikizidi asilimia 0.1 ya uzito. Midoli ya watoto, nasema. Kifaa ambacho mwanamke mzima anakiingiza mwilini hakikuguswa na sheria hiyo. Na kwa miaka mingi vifaa kama hivi vilivyouzwa Marekani vilikuwa na maandishi kwamba ni vya mzaha tu, yaani kikikudhuru, kosa ni lako wewe uliyekichukulia kwa uzito.

Kiwango cha kimataifa kilikuja kuchapishwa mwaka 2021, kikiitwa ISO 3533. Kinagusa malighafi, umbo na maelezo ambayo mtengenezaji anapaswa kumpa mtumiaji. Ni hatua nzuri, lakini kufuata kiwango cha namna hii ni hiari. Kifaa kikitajwa kuwa kinakifuata, ni dalili njema. Kisipotajwa, bado macho na pua yako vinafanya kazi.

Na vifanye kazi kweli. Kifaa kikifika, kinuse kwanza: silikoni nzuri hainuki kitu. Kisha kiweke chini ya taa na uzungushe taratibu. Vifaa vingi hutoka kwenye kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vilipokutana hubaki mshono mwembamba. Upitishe juu ya ngozi ya ndani ya kiwiko. Ukiusikia ukikuna pale, ndani ya uke nako utakukwaruza. Angalia pia kama kuna ufa karibu na kitufe au mahali pa kuchajia, kwa sababu hapo maji huingia na uchafu hujificha.

Kama ni cha umeme, tafuta alama ya IPX. IPX7 maana yake kifaa kimejaribiwa kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. IPX4 inavumilia michirizi tu. Ukikizamisha kwenye beseni umekiua.

Kuhusu umbo, kuna hofu moja ambayo wanawake wengi wanayo na hawaisemi: je, kitu kinaweza kupotea tumboni? Kupitia uke, hapana. Mwisho wa uke kuna mlango wa kizazi, na tundu lake ni dogo mno kupitisha kifaa chochote. Kikiteleza kikabaki ndani, chuchumaa, legeza misuli kama unayetaka kusukuma, na ukitoe kwa vidole. Hofu ndiyo inayokaza misuli na kukifanya kionekane kimenasa.

Njia ya haja kubwa ni habari nyingine. Kule hakuna ukuta wa mwisho. Utumbo unaendelea, na misuli ya mlangoni hufunga nyuma ya kitu na kukivuta juu. Kwa hiyo kifaa chochote cha huko lazima kiwe na kitako kipana kuliko mwili wake. Bila kitako, hata kikiwa cha silikoni ya hospitali, si salama kwa kazi hiyo. Kikipanda, usijaribu kukitoa kwa koleo au kijiko, nenda hospitali. Madaktari wa dharura wanakutana na jambo hili kuliko unavyodhani.

Na vitu vya nyumbani? Chupa, mishumaa, mipini ya brashi, mboga. Vinavunjika, vinakatika, vina kingo, na chupa hunyonya hewa na kung'ang'ania. Kondomu juu ya tango inapunguza uchafu, haizuii lisikatike.

Ukubwa nao unahitaji jicho la mshona nguo. Tangazo husifia urefu, wakati kinachoamua kama utajisikia vizuri ni unene. Tena soma kama wameandika mzingo au kipenyo. Kifaa chenye mzingo wa sentimita 12 kina kipenyo cha karibu sentimita 3.8, na anayechanganya hivyo viwili huagiza kitu asichoweza hata kukitazama. Kwa anayeanza, unene wa vidole viwili vilivyoshikana unatosha kabisa. Urefu wa kuingia ni tofauti na urefu wa jumla, na uke ukiwa haujaamka ni mfupi kuliko unapoamka. Kifaa kigumu kikigonga mlango wa kizazi kabla mwili haujawa tayari, utajua.

Hapo ndipo tunapofika kwenye suala la unyevu, ambalo kwa maoni yangu linabeba nusu ya starehe yote. Kuta za uke hazina tezi. Damu ikijaa kwenye mishipa inayozunguka uke, majimaji huchuja kupita kwenye kuta na kuleta utelezi. Jambo hilo linategemea homoni na hata dawa unazotumia, si hamu peke yake. Anayenyonyesha, aliyekoma hedhi, anayetumia dawa za mzio, wote wanaweza kuwa na hamu tele na bado wakawa wakavu. Kuwa mkavu si ushahidi wa lolote dhidi ya mwanamke, na kilainishi si cha wazee wala si aibu.

Kilainishi cha maji kinaelewana na kila kifaa na kila kondomu. Kinakauka mapema; ongeza. Cha silikoni kinadumu sana lakini kinaweza kuharibu uso wa kifaa cha silikoni, basi jaribu tone moja kwenye kitako, subiri, kisha sugua uone kama panavimba au kunata. Mafuta, ya nazi na ya mgando pia, hudhoofisha kondomu za mpira wa kawaida, na kwa baadhi ya wanawake huchokoza uke. Mate hukauka kabla hujamaliza kuyafikiria.

Halafu kuna jambo ambalo lebo nyingi hazitaji: wingi wa vitu vilivyoyeyushwa ndani ya kilainishi, unaoitwa osmolaliti. Nyunyizia chumvi kwenye kipande cha tango, rudi baada ya dakika chache, utakuta maji yametoka. Kilainishi chenye gliserini nyingi huzifanyia hivyo hivyo seli za uke: kinavuta maji kutoka ndani yake, seli zinachoka na kubanduka, na kinga inapungua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilishauri kipimo cha osmolaliti kisizidi 380 (mOsm/kg), na kwa kuwa bidhaa nyingi sokoni zilikuwa juu mno, likakubali kwa muda hadi 1200. Kwa uke, asidi ya kilainishi iwe karibu pH 4.5, kwa sababu uke wenye afya huwa kati ya takriban 3.8 na 4.5. Kama lebo haisemi chochote, epuka angalau vile vyenye harufu, ladha, vinavyochoma kwa "joto" na vinavyotia ganzi. Hivyo vya ganzi ndivyo ninavyovipinga zaidi. Maumivu ni kengele. Ukiikata waya, moto haujazimika.

Matumizi yenyewe yanaanzia nje. Sehemu ya kisimi inayoonekana ni ncha tu. Mwaka 1998 daktari wa Australia, Helen O'Connell, na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba sehemu kubwa imejificha chini ya ngozi, ikikumbatia pande za uke. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walihesabu nyuzi za neva zinazokwenda huko wakapata zaidi ya 10,000. Ukiwasha vaibreta kwa kasi ya mwisho na kuibandika moja kwa moja hapo, unachopata ni mshtuko, si raha. Anza na kasi ya chini kabisa, pembeni, hata juu ya chupi. Ukihisi ganzi baada ya muda mrefu, pumzika. Ganzi hiyo huisha yenyewe. Kuingiza ndani kuje baadaye, kama kunatakiwa. Wanawake wengi hawahitaji, na kifaa hakiwi pungufu kwa sababu hakikuingia.

Kama kila kitu kinachoingia kinauma, hata kidole kimoja na kilainishi tele, acha kununua vifaa vidogo zaidi ukamwone mtaalamu. Misuli ya nyonga inayojikaza yenyewe inatibika, na moja ya tiba hutumia vipanuzi laini vya ukubwa tofauti, taratibu, kwa maelekezo. Mjamzito aliyeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, au anayetokwa na damu, asiingize kitu mpaka aulize. Vivyo hivyo aliyetoka kujifungua au kufanyiwa upasuaji wa huko.

Usafi ni rahisi kuliko watu wanavyoufanya. Osha kabla na baada, kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na harufu, suuza mpaka utelezi wa sabuni uishe, kausha kwa hewa au kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha hifadhi kwenye mfuko wa pamba. Kifaa chenye unyevu kilichofungiwa kwenye nailoni ni shamba la vijidudu. Silikoni tupu isiyo na mota na chuma cha pua kisicho na mota unaweza kuchemsha dakika tano hivi. Kioo kisitolewe kwenye maji ya moto kikatumbukizwa kwenye baridi. Vifaa laini visiguseane kabatini. TPE ikikaa na TPE nyingine huweza kuyeyukiana. Kinachooshwa ni kifaa, si uke: uke hauhitaji sabuni ndani.

Kilichoingia nyuma kisirudi mbele bila kuoshwa au kubadilishiwa kondomu. Bakteria wa choo wakifika mbele, mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu, safari fupi mpaka kwenye kibofu. Na kifaa cha watu wawili kiwe na kondomu mpya kwa kila mmoja. Si suala la kutoaminiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono na vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, kwenye vaibreta za baadhi ya washiriki hata baada ya kuoshwa, na vya TPE vilikuwa vigumu kusafishika kuliko vya silikoni.

Kifaa kikianza kunata, kupasuka, kubadilika rangi au kunuka baada ya kuoshwa, kitupe, hata kama kilikuwa ghali. Na ukitokwa na damu isiyo ya hedhi, ukipata harufu mpya, uchafu usio wa kawaida, kuungua wakati wa kukojoa au maumivu ya tumbo la chini, nenda kituo cha afya na useme waziwazi ulitumia nini, kimetengenezwa kwa nini, lini, na kama kimebaki kizima. Daktari aliyeambiwa "niliteleza bafuni" ataanza kutafuta mahali pasipo na tatizo.