Moto wa Kulala: Fukia Makaa, Usifukie Kuni

Mwezi wa Ramadhani akina mama wengi wa Lamu na Malindi hupenda kuulaza moto, wakiamka kupika daku wasihangaike na kiberiti na mafuta ya taa. Inawezekana kabisa moto ukafika alfajiri bila kuongezewa kuni.

Wengi hujaza jiko kuni usiku kisha huziba mlango wa hewa. Kuni zikinyimwa hewa haziwaki vizuri, hufuka. Moshi ule ni kuni yako inayopotea bure, na kwa wenye jiko la dohani, masizi yake hugandamana ndani hadi siku moja yakashika moto. Ziache kwanza ziwake hadi ndimi za moto ziishe, yabaki makaa mekundu. Yakusanye pamoja, maana kaa lililojitenga hufa upesi, kisha yafukie kwa jivu kavu lililochekechwa, unene wa vidole vitatu hivi. Jivu hubana hewa na kuhifadhi joto. Ukiamka, fukua taratibu, weka vijiti vikavu, pepea.

Makaa ya kudumu hutoka kwenye gogo nene la mti mgumu kama mvinje au mkwaju, likiwa kavu: ukigonganisha vipande viwili hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa kishindo kizito tu. Vifuu ni vya kuwashia. Huwaka kwa pupa na kwisha. Mkoko unadumu sana, lakini kuukata kunahitaji kibali. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu na ndiyo mazalio ya samaki wetu, basi nakusihi uuache.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Makaa chini ya jivu hayana moshi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huenda asiamke. Nyumba ya mawe yenye kuta nene, madirisha yakifungwa kwa mvua ya masika, huifungia ndani. Jiko lililolazwa lisiingie chumbani kamwe, hata makaa yakionekana yamekufa. Liache mahali penye hewa, mbali na makuti, lifunikwe bati upepo wa kaskazi usirushe cheche.

Mkiamka wawili watatu nyumba moja mnaumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, msikimbilie dawa ya malaria. Tokeni nje nyote papo hapo, watoto kwanza, kisha mwende hospitali na mseme kwamba jiko lilikuwa ndani.