Simu ikikataa waya, si lazima waya uwe feki

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mtu akiona iPhone yake imeandika kwamba kifaa alichochomeka huenda hakikubaliki, jibu analopewa ni moja: "Waya feki huo, tupa." Anatupa, ananunua mwingine, na kesho ujumbe uko palepale.

Ni kweli, waya wa chaji wa iPhone uitwao Lightning, uliokuja na iPhone 5 mwaka 2012, una chipu ndogo kichwani inayojitambulisha kwa simu. Waya usio na chipu halali unaweza kukataliwa. Lakini simu haioni nembo wala bei. Inachojua ni kwamba mawasiliano na ile chipu hayajakaa sawa. Na mara nyingi anayeyavuruga ni uchafu tu.

Juzi nilimulika tundu la simu ya shangazi, mwanika dagaa. Ndani mlikuwa na vumbi la mfukoni lililoshindiliwa kama godoro, na gamba moja linalong'aa. Kichwa cha waya kilikuwa hakifiki mwisho. Tukazima simu, tukachokonoa polepole kwa kijiti cha meno cha mti (sindano usithubutu, inakwangua pini na kuleta shoti). Waya uleule "feki" ukachaji.

Ikigoma bado, jaribu kichwa kingine cha chaji, washa simu upya, futa pini za waya kwa kitambaa kikavu. Ukiona pini moja imeungua ikawa nyeusi, hapo sawa, waya umekwisha.

Ujumbe wa kwamba tundu lina unyevu ni jambo jingine kabisa: chomoa, acha simu ikauke penye hewa, usiifukie kwenye mchele; mchele ubaki jikoni.