Seva ya madaftari ya Jupyter kwa watumiaji wengi ni nini?

Ni kompyuta moja yenye nguvu inayowapa watu kadhaa, kila mmoja kwa akaunti yake, mahali pa kuandika na kuendesha programu kupitia kivinjari. Daftari lenyewe ni faili linalobeba maelezo, mistari ya Python au R (lugha za programu), pamoja na majibu yake: jedwali au grafu hutokea papo hapo chini ya mistari iliyoizaa. Programu ya daftari ni Jupyter; inayowagawia watu wengi seva moja ni JupyterHub.

Chukua darasa la wanafunzi 25 mjini Tanga wanaochambua takwimu za samaki walioshushwa mwalo wa Deep Sea. Mmoja ana laptopu mpya, mwingine ana ya RAM ya GB 2, wa tatu ana simu tu. Wote wakiunganishwa kwenye Wi-Fi ya darasa wanafungua anwani ya seva, wanaweka jina na nywila, na wanakuta Python ileile yenye maktaba (vifurushi vya msimbo vya ziada) zilezile. Intaneti ikikatika somo linaendelea, kwa kuwa seva imo chumbani. Kinachotumiwa kwa pamoja ni mashine. Daftari la Asha halionekani kwa Juma mpaka Asha amtumie.

Ndani ya JupyterHub kuna sehemu nne. Mlangoni yupo wakala anayepokea kila ombi la kivinjari. Nyuma yake ni kituo chenyewe, kinachojua nani ameingia. Sehemu ya tatu huhakiki nywila, na ya nne humwashia kila mtu seva yake ndogo. Kwa mashine moja, toleo linaloitwa The Littlest JupyterHub linatosha. Huwekwa juu ya Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na limekusudiwa watumiaji kuanzia mmoja hadi 100. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la kompyuta, iachiwe wenye mashine nyingi.

Jambo linaloangusha seva hizi kuliko yote ni RAM. Kila daftari lililofunguliwa lina kiini chake, yaani mchakato unaoshikilia data yote iliyosomwa, na kufunga ukurasa wa kivinjari hakukizimi. Mwanafunzi anayefungua madaftari matatu na kusoma jedwali lilelile katika kila moja anabeba nakala tatu. Faili la CSV la MB 200 nalo likishasomwa linaweza kula mara kadhaa ya ukubwa huo.

Hesabu yake ni hii: watumiaji wa wakati mmoja mara kiwango cha RAM cha kila mmoja, ongeza MB 128 za kituo. Wanafunzi 25 kwa GB 1 wanahitaji GB 25 na kidogo, kwa hiyo nunua mashine ya GB 32. Ukiwa na GB 16, wape MB 500 kila mmoja na uwakatie data ndogo. Kisha weka kikomo kwa kuandika amri hizi kwenye terminali:

sudo tljh-config set limits.memory 1G
sudo tljh-config reload

Aliyekwisha kuingia hataguswa na kikomo kipya mpaka seva yake izimwe na kuwashwa tena. Usiruke hatua hii. Bila kikomo, mmoja akisoma faili kubwa mno darasa zima linaganda. Kikiwepo, kiini chake peke yake ndicho hufa. Maandishi yaliyohifadhiwa hubaki, data iliyokuwa kwenye RAM hupotea, naye anaendesha seli (vipande vya msimbo vya daftari) upya kuanzia juu. Umeme ukikatika hali ni hiyohiyo kwa wote, hivyo UPS (betri ya akiba) ihudumie seva na ruta pia.

Seva ndogo ya mtumiaji iliyokaa bure dakika 10 huzimwa yenyewe. Hesabu ndefu isiyotoa matokeo yoyote, huku kivinjari kimefungwa, inaweza kudhaniwa imekaa bure. Ongeza muda kwa services.cull.timeout, ambao huandikwa kwa sekunde.

Maktaba ziwekwe na msimamizi, kwa sudo -E pip install kwenye terminali ya Jupyter. Mwanafunzi akijiwekea mwenyewe, huingia kwenye folda yake na kufunika toleo la wote. Hapo ndipo msimbo unaokubali kwa wenzake unapomgomea yeye, na mwalimu hapati sababu upesi.

Nywila ya kawaida ya toleo hili huchaguliwa mara ya kwanza mtu anapoingia. Orodhesha majina, kisha hakikisha wote wanaingia siku hiyohiyo, la sivyo anayejua jina la mwenzake anaweza kulitwaa. Ikiwa seva inafikika kutoka nje ya chumba, washa HTTPS, inayosimba mawasiliano ya kivinjari na seva. Cheti chake cha bure kutoka Let's Encrypt kinahitaji jina la kikoa na seva inayofikika kutoka intaneti.

Kazi za wanafunzi ziko /home, kwenye folda zinazoanza na jupyter-. Nakili zote kwenye diski ya nje kila jioni. Ukimfuta mtumiaji kwenye ukurasa wa msimamizi, folda yake haifutiki. Iondoe mwenyewe baada ya muhula, ukishathibitisha kwamba nakala inafunguka.