Kuchambua hotuba ya rais ni kufanya nini?

Kuchambua hotuba ni kutafuta kile ambacho msemaji alikusudia maneno yake yatende: alitaka kumshawishi nani, kuhusu jambo gani, na kwa nini siku ile. Wanafunzi wengi huandika "rais alizungumzia umaskini, miji na elimu" wakadhani wamemaliza. Huo ni muhtasari tu.

Tuchukue hotuba ya Lyndon B. Johnson, Rais wa Marekani, aliyoitoa Mei 22, 1964 kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Humo alitangaza azma ya kujenga "Jamii Kuu", akasema kazi ianzie mijini, mashambani na madarasani.

Wakati wenyewe una mengi ya kusema. Rais John F. Kennedy, mtangulizi wake, alikuwa ameuawa miezi sita kamili kabla ya siku hiyo. Johnson alirithi urais, uchaguzi ulikuwa Novemba, na mswada wa haki za kiraia ulikuwa umekwama Seneti. Alihitaji dira iliyobeba jina lake mwenyewe.

Ila mahali pa kukaa zaidi na darasa ni hadhira. Mbele yake walikuwa vijana wanaohitimu, naye akawarudishia tena na tena kwamba huu ni wakati wao. Karibu na mwisho anawauliza mfululizo kama watajiunga na mapambano: ya usawa kwa kila raia, ya kuwaondoa watu katika umaskini, ya amani kati ya mataifa. Waulize wanafunzi: nani angejibu hapana? Takriri hiyo, yaani kurudia swali lilelile, inawatoa wahitimu kwenye viti vya wageni na kuwafanya washiriki, kabla hawajaelezwa watatakiwa kutoa nini.

Kisha watafute kilichoachwa. Johnson anataja watu wazima milioni 8 ambao hawakumaliza hata miaka mitano ya shule, lakini hataji gharama ya kulirekebisha hilo. Anachoahidi ni vikundi kazi na mikutano ya Ikulu. Vita vya Vietnam havitajwi kabisa.

Mtego mkubwa, kwa maoni yangu, ni kuisoma hotuba kwa macho ya yaliyofuata. Mwaka 1965 zilipita sheria ya elimu ya msingi na sekondari, kisha Medicare na Medicaid, mipango ya bima ya afya kwa wazee na kwa maskini. Mwanafunzi huipa hotuba sifa za hayo yote, akasahau kwamba uchaguzi wa Novemba 1964 ulikipa chama cha Johnson wingi mkubwa wa viti bungeni.