Maziwa ya Ufini: eti ni barafu iliyeyuka ikabaki pale?

Watu wakiona ramani ya Ufini ilivyojaa maziwa, 188,000 hivi ukihesabu mpaka vidimbwi, wanasema hayo ni maji ya barafu nene iliyoifunika nchi hiyo zamani. Hapana bana. Maji ya leo ni ya mvua na theluji, yanaingia na kutoka yanaenda zake baharini, barafu iliacha mashimo tu.

Na barafu tupu haikwangui mwamba, ni laini mno, kilichokwangua ni mawe yaliyogandia chini yake, sasa weka juu yake barafu nene ya kilomita mbili na zaidi inayojikokota kwenda kusini-mashariki kwa maelfu ya miaka, penye nyufa inachimba zaidi, ndo maana maziwa mengi yamelala kuelekea huko huko.

Wengine wanadhani lazima yawe na kina cha kutisha. Wapi! Wastani ni mita 7 hivi. Päijänne, lenye kina kuliko yote, halifiki mita 100. Msifananishe na Tanganyika la mita 1,470, kule ardhi ilipasuka.

Halafu barafu haikuwa ya kubomoa tu. Miaka 12,000 hivi iliyopita ilikwama kusini kwa muda mrefu huku ikimwaga mchanga na kokoto mbele yake, likabaki tuta la mamia ya kilomita, Salpausselkä, ambalo mpaka leo, ukiacha pengo nitakalolitaja, linazuia maji ya ziwa Saimaa yasimwagikie kusini.

Ila dhana inayonichekesha ni kwamba kazi ya barafu ilishaisha. Uzito wake uliikandamiza ardhi na bado inajiinua, kama godoro ukishatoka kitandani, ila hili linachukua miaka elfu na elfu. Kaskazini-magharibi inapanda haraka kuliko kusini-mashariki, kwa hiyo Saimaa likainama polepole, na kama miaka 6,000 iliyopita maji yakalipasua lile tuta, ukazaliwa mto Vuoksi unaoenda ziwa Ladoga, Urusi. Sili, wale wanyama wa baharini, walionaswa Saimaa bahari ilipojitenga bado wamo, mia chache tu.

Pwani ya Kvarken, kwenye mlango wa bahari kati ya Ufini na Uswidi, inapanda milimita 8 hivi kila mwaka, nchi kavu mpya inatokeza, na usidhani ni bonasi ya mwenye nyumba ya ufukweni: kwa kawaida ni mali ya wenye hisa za eneo lile la maji, mwenye nyumba akiitaka anainunua.